Uko off, umekuta polisi wamelemewa barabarani: usimame ama upite?

Hili swali linaulizwa sana na watu wa kazi zetu, yaani EMT (wale wa ambulensi), manesi, vijana wa zima moto, askari jela, wanajeshi walio likizo na masoja wa kampuni za ulinzi. Umetoka shift ya usiku pale hospitali ya PGH Nakuru ama ile tunaita Russia kule Kisumu, uko kwa gari unaenda zako kulala, mbele unaona maafande wawili wanagaragazana na jamaa kando ya lami, ama ajali imetokea na polisi ni mmoja na watu wamejaa. Unasimama ama unapita?

Mimi nasema mara nyingi simama, lakini usiende kupigana. Polisi aliyelemewa kwa hizi barabara zetu hakosi mtu wa kurusha ngumi, hao wako wengi. Anakosa mtu wa kupiga simu vizuri, mtu wa kurudisha watu nyuma, mtu wa kufinya kidonda kinachomwaga damu, na mtu wa kuangalia kama yule mshukiwa bado anapumua. Hizo ndizo kazi zako. Ukishuka kwa gari na moto wa kusaidia kukamata umeongeza shida, ata kama una mwili kama wa mchezaji raga.

Kwanza jua uko wapi kisheria

Kama wewe ni polisi, hapo hakuna mjadala sana. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inasema afisa anahesabiwa yuko kazini wakati wote anapohitajika, na popote Kenya. Kwa hivyo ata ukiwa na malapa na mtoto mkononi bado wewe ni polisi. Shida yako ni kwamba yule mwenzako hakujui, labda wewe unafanyia kazi Turkana na umekuja tu kuona wazazi Molo, yeye anaona jamaa wa jeans anakuja mbio na kitu kimefura kiunoni. Kitambulisho cha kazi kitangulie, kiwe mkononi na mkono uwe juu, na bastola ikae palepale iko mpaka mwenzako akujue.

Sisi wengine wote tukiwa nje ya kazi tujihesabu raia tu. Wewe mwanajeshi, wewe askari jela, wewe soja, nguvu nyingi ulizonazo zinaenda na kazi yako na lindo lako, hazikufuati ukienda soko Njoro. Lakini raia pia si ati hana nguvu kabisa. Ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, Sura ya 75, kifungu cha 34, inamruhusu mtu wa kawaida kumkamata mtu akimwona na macho yake akifanya kosa ambalo polisi angemkamata bila waranti, ama akiwa na sababu ya maana ya kumshuku kwamba amefanya kosa kubwa, halafu anatakiwa amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Sheria hiyo hiyo inasema polisi akiitisha usaidizi kwa njia inayofaa, ya kumkamata mtu ama kumzuia asitoroke ama kutuliza fujo, kila mtu anawajibika kumsaidia. Soma hapo pole pole: akiitisha. Kuna tofauti kubwa kati ya afande kukuambia "nishikie huyu mguu" na wewe kujirusha katikati bila kuulizwa, na siku ya kortini hiyo tofauti ndio wakili atakuuliza kwanza. Halafu kuna kitu wengi hawajui, kifungu cha 253 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu kinamlinda polisi aliye kazini asipigwe, na kinamlinda pia mtu anayemsaidia, kifungo ni mpaka miaka 5. Kwa hivyo afande akikuita na watu wasikie amekuita, uko mahali pazuri kuliko yule aliyeingia kimyakimya.

Kwa watu wa afya, Katiba kifungu cha 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba matibabu ya dharura yanaanza kabla ya kufika hospitali, na hospitali inayokataa mgonjwa wa dharura na ilikuwa na uwezo inaeza kupigwa faini mpaka milioni 3. Hiyo faini ni ya hospitali, haikuandikiwa wewe uliye kwa kiti cha nyuma cha Nissan ya Kisumu. Wewe unasimama kwa moyo wako na kwa kile ulisomea, na ukisimama fanya tu kile ulisomea. Nesi asianze kuendesha land cruiser ya polisi, na soja asianze kushona mtu.

Kitu kingine cha kujua mapema, sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007, ile tunaita WIBA, inalipa mtu aliyeumia kwa sababu ya kazi na akiwa kazini. Ukiumia Salgaa siku yako ya mapumziko usitegemee mwajiri wako atasema ulikuwa kazini. Hakikisha bima yako ya afya ya SHA imelipwa. Sisemi hivi nikutishe, nasema juu nimeona mtu amebaki na bili na mguu umefungwa plasta na kila ofisi anaingia anaambiwa siku hiyo hakuwa kwa rosta.

Nani asisimame

Kama una watoto kwa gari, pita halafu upige simu mbele. Kama umekunywa, ata chupa moja, pita. Kama umetoka shift ya masaa 12 na macho yanajifunga, wewe ndio ajali inayofuata. Kama risasi zinalia, usisogee, lala chini nyuma ya injini ama tairi la mbele kama umeshafika hapo, na kama hujafika geuza gari. Na kama ni usiku mahali pa giza, hakuna gari la polisi unaloliona, ni watu tu wanapunga mikono, usishuke. Endesha mpaka petroli stesheni ama kituo cha kwanza na useme ulichoona. Kupiga simu ukiwa umbali wa kilomita mbili ni kusaidia, na kuna siku ndio msaada pekee unaofaa.

Gari lako uliweke wapi

Hapa watu wanakufa. Ile barabara ya kutoka Nakuru kupanda Salgaa, Sachangwan mpaka Mau Summit inajulikana, malori yanashuka na breki zimechoka, na ukiziba njia na gari yako ili "usaidie" umemwekea dereva wa lori ukuta. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori ziligongana Migaa, watu 36 wakafariki. Ile ya Londiani Junction 2023, tarehe 30 Juni, lori lilitoka barabarani likafagia magari na watu kwa stage, watu zaidi ya 50 wakaenda. Wengi wao hawakuwa wanasafiri na hilo lori, walikuwa tu wamesimama pale.

Kwa hivyo pita tukio kwanza, egesha mbele yake, nje ya lami kabisa, matairi yakiwa yameelekezwa nje, hazadi zikiwaka. Vaa rifleketa kama unayo, na uwe nayo, haina bei. Laifseva, ile pembetatu ya kuonya magari, upeleke nyuma mbali kuliko unavyodhani, kwa mteremko mita 50 hazitoshi, tembea mpaka mia na zaidi, na utembee ukiangalia magari yanayokuja, usiyape mgongo. Kama kuna boda mbili tatu zimesimama hapo, mwombe mmoja arudi nyuma kwa kona awashe taa na kupunga, hao vijana wakipewa kazi wanaifanya vizuri sana, shida inakuja wakikosa kazi.

Simu kabla ya mikono

999, 112 ama 911, zote ni za dharura Kenya. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Lakini sote tunajua kuna siku unapiga na unaskia tu mlio, ndio maana nasema kila mtu anayetumia barabara moja kila siku aulizie kituo cha karibu namba ya OCS, yaani mkuu wa kituo, na aiweke kwa simu, na namba ya ambulensi ya kaunti pia. Ukipata mtu, usianze na hadithi. Sema mahali kwanza kabla simu ikatike: jina la center, petroli stesheni ama kanisa lililo karibu, na upande wa barabara, ule wa kwenda Eldoret ama wa kurudi Nakuru. Halafu sema "afisa wa polisi ameumia" ama "maafisa wawili wamelemewa", wangapi wameumia, kuna silaha ama hakuna. Halafu sema wewe ni nani na umevaa nini. Hiyo ya mwisho usiisahau kabisa: "kuna raia wa shati ya bluu na rifleketa, ni EMT, ndio mimi." Wale wanaokuja wakijua kuna mtu wa shati ya bluu anasaidia, hawatakuona kama adui.

Kumkaribia afande

Usimguse polisi kutoka nyuma. Kamwe. Mtu anayepigana ako na bunduki, akihisi mkono mgongoni hana muda wa kuuliza ni wa nani, kila polisi amefunzwa kwamba kuna mtu siku moja atajaribu kumpokonya. Simama mahali anaweza kukuona, mita tano sita hivi, mikono wazi mbele ya kifua, halafu paza sauti: "Afande! Mimi ni EMT, niko off! Nikusaidie?" Ngoja jibu. Asipojibu, baki hapo hapo, piga simu, rudisha watu nyuma. Akisema "kuja", uliza tena unafanya nini, "nishike mguu?", mpaka akuambie kitu kimoja cha kufanya. Fanya hicho kimoja.

Na usimwite jina la mtaani. Karao unamwita huko kwa stori, hapo ni afande, na ukimwita afande kwa sauti ya kutulia saa zingine yeye mwenyewe anatulia.

Bunduki ikiwa chini

Nilikuwa kwa matatu kutoka Kericho, jioni, kizuizi cha polisi kilikuwa kimegongwa na pikapu dakika chache kabla tufike. Afande mmoja alikuwa ameanguka kwa changarawe, paja limepasuka, suruali ya uniform imelowa mpaka kwa buti, na bunduki ilikuwa bado imening'inia begani na mkanda umejikunja kwa mkono. Kijana wa boda alikuwa amefika kwanza, na kwa nia nzuri kabisa alikuwa anavuta ule mkanda aitoe bunduki "isimuumize". Ako na helmeti kichwani, mikono miwili kwa bunduki ya serikali, na yule afande wa pili anakuja mbio kutoka upande ule mwingine wa barabara ameinua yake. Nilimpigia kijana kelele, "Wachilia! Mikono juu! Wachilia!" na akaachilia, akasimama tu hivyo na helmeti yake na mikono juu kama anaomba, na yule wa pili akashusha mtutu. Zilikuwa sekunde chache sana.

Kwa hivyo hii ndio sheria yangu ya bunduki: usiiguse, usiipige teke, usiiweke kando, usiifunike na koti. Kama iko chini, simama kati yake na watu na umwambie afande wa kwanza atakayefika, "bunduki iko hapo, hakuna mtu ameigusa." Kama bado iko mwilini mwa afande aliyeumia, mwambie mwenzake aitoe yeye. Kama ako peke yake na ana fahamu, muulize yeye mwenyewe, na umwambie kila kitu unachofanya kabla ukifanye, "nataka kufinya mguu wako, sigusi bunduki", juu mtu aliyepoteza damu anachanganyikiwa na anaweza kudhani unampokonya.

Damu yenyewe ya yule afande ilisimama hivi. Mama aliyekuwa anauza viazi kando ya barabara alinipa leso, nikaikunja nikasukuma ndani ya kidonda na uzito wangu wote, mikono imenyooka. Haikutosha, ilikuwa inaruka. Tukapasua kipande cha leso upana wa vidole vitatu hivi, tukafunga juu ya kidonda, upande wa nyonga, vidole vinne kutoka kwenye kidonda, tukapitisha chuma cha jeki kwa fundo tukazungusha mpaka damu ikaacha kutoka. Inauma sana na atakutukana, ni sawa, usiilegeze. Usifunge kwenye kiungo chenyewe cha goti wala kiwiko. Saa ya kufunga niliandika na biro kwa paji la uso lake, hapo daktari hawezi kukosa kuiona, maana kwa karatasi itapotea njiani. Glavu nilikuwa nazo mfukoni, hua natembea nazo, na kama huna basi karatasi ya mkate ni bora kuliko ngozi tupu.

Mshukiwa naye ni wako

Hii ndio naomba tuiskize kuliko zote, hasa sisi wa afya. Ukisimama kusaidia polisi hujachagua timu. Yule aliyekamatwa, ata kama ni mwizi wa pikipiki na kila mtu anamjua, ni mgonjwa wako kama afande ni mgonjwa wako.

Angalia kitu kimoja: amefungwa pingu mikono nyuma, amelazwa kifudifudi, na watu watatu wako juu yake, mmoja na goti kwa mgongo. Kifua hakiwezi kupanuka hapo. Akirusharusha miguu watu wanasema anapigana, wanaongeza uzito, kumbe anatafuta hewa. Akinyamaza ghafla wanasema ametulia. Huyo hajatulia, huyo anaisha. Dunia nzima iliona ile ya George Floyd kule Minneapolis, Mei 2020, zaidi ya dakika tisa goti likiwa shingoni. Na kusema "siwezi kupumua" haimaanishi mtu anaweza, kuongea kunataka hewa kidogo tu.

Sasa unamwambiaje afande bila kumfanya aone unamfunza kazi mbele ya watu? Mimi husema hivi, chini chini, karibu na sikio lake: "Afande, pingu zimeingia, ashafungwa, tumgeuze akae upande apumue, asije akafia mkononi mwako." Inafanya kazi kwa sababu ni kweli na ni kwa faida yake pia, mtu akifa mikononi mwa polisi IPOA, wale wanaochunguza polisi, wanakuja na yeye ndio ataandika maelezo. Mgeuze kwa ubavu ama mkalishe, toa uzito mgongoni, angalia kifua kinapanda, mwongeleshe. Asipojibu na hapumui, mwambie afande afungue pingu sasa hivi, mlaze chali na uanze kufinya kifua, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, sentimita tano kwenda chini, usingoje ambulensi.

Halafu jiulize kama kweli huyu ni mhalifu. Mtu wa kisukari ambaye sukari imeshuka anatoa jasho, anaongea vitu havieleweki, anapiga watu, na ukimwona unasema ni chang'aa. Mtu aliyetoka kifafa anaamka amechanganyikiwa na anasukuma yeyote anayemshika. Aliyegongwa kichwa kwa ajali vilevile, anatoka kwa gari anaanza kupigana na polisi waliokuja kumsaidia. Uliza walio karibu, "kuna mtu anamjua? anakunywa dawa gani?" Kama ni sukari na anaweza kumeza, soda ya kawaida inamrudisha kwa dakika chache. Kama hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni. Wewe ndio mtu pekee hapo ambaye anaweza kuona hii tofauti, na hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kusimama.

Umati

Kwetu huku umati ndio silaha kubwa kuliko panga. Mwizi ameshikwa Kaptembwo ama Kondele, mawe yameanza, polisi wawili wamefika na gari limezimwa mbali. Ukisimama upande wa polisi hapo watu wanaweza kukugeukia, na si kwa bure, kuna watu wa hapo wameonewa na polisi na hawajasahau, usiwafokee kana kwamba wote ni wahalifu. Usibishane na umati mzima. Tafuta mtu mmoja: mwenyekiti wa stage ya boda, mzee wa nyumba kumi, mama mwenye kibanda hapo ambaye vijana wanamwita mathe. Mwambie huyo, "mzee wangu, mimi ni nesi, huyu akifia hapa stage yenu itafungwa, nisaidie tumtoe." Mwenyekiti akiinua mkono vijana wanafungua njia, nimeona hivyo mara nyingi kuliko nilivyoona risasi za hewani zikifungua njia.

Siku za maandamano ni tofauti kidogo. Hapo mtu wa afya asipande gari la polisi wala asisimame kwenye laini yao, maana ukishaonekana hapo, jioni hakuna kijana aliyeumia atakubali umguse. Tibu aliyeanguka mbele yako, awe na ngao ama awe na bendera, na ubaki pembeni.

Tanki likianguka

Usifikirie kutibu mtu kwanza. Januari 2009 pale Sachangwan zaidi ya watu 100 walikufa tanki liliposhika moto, na Julai 2021 Malanga, Gem, wakafa 13, na kote watu walikuwa wanateka mafuta. Polisi wa kwanza kufika hapo hana uwezo wa kuzuia watu mia mbili na mitungi, na ukiwa off hii ndio siku anakuhitaji kweli. Saidia kusukuma watu nyuma, upande upepo unatokea na upande wa juu wa mteremko, mita 300 kama yamemwagika na hayajawaka, mita 800 kama tanki lenyewe limeshika moto. Hakuna sigara, hakuna kuwasha pikipiki ndani ya huo umbali, sukuma kwa mguu. Mwambie kila mtu ukweli kwa lugha ya nyumbani, kama ni Kijaluo sema Kijaluo, kama ni Kikalenjin sema hiyo, watu huskia vizuri wakiongeleshwa kwa lugha ya mama.

Hao hawana uniform

Ukiona wanaume wanavuta mtu kumwingiza kwa gari na wanasema ni polisi, usisaidie kumsukuma ndani, ata wakikuamrisha. Polisi wa kiraia wapo na wanafanya kazi halali, lakini wewe huwezi kujua kwa macho. Ukiwa umbali salama uliza kitambulisho, na uliza kwa sauti watu wasikie, "anapelekwa kituo gani?" Katiba kifungu cha 49 inasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoelewa, na afikishwe kortini ndani ya masaa 24, kwa hivyo hilo swali si la matusi. Shika namba ya gari, rangi, saa, na jina la anayevutwa kama analitaja. Piga simu, na uende kituo cha karibu uripoti. Wakiwa ni polisi wa kweli hujawakosea kitu.

Wenzake wakifika

Gari la pili la polisi ndio dakika hatari zaidi kwako. Wanaruka chini na damu imepanda, wanaona mwenzao yuko chini na mtu asiye na uniform amemwinamia na mikono ina damu. Ukisikia king'ora, mwambie afande uliye naye "waambie mimi niko na wewe." Kama mikono yako inaweza kutoka, itoe, rudi hatua tatu, viganja vionekane, simu isiwe mkononi. Kama imeshika kidonda na huwezi kuachilia, usisimame ghafla, paza sauti, "EMT! Nimeshika damu! Sina silaha!" na urudie mpaka mtu akujibu. Wakikuambia lala chini, lala, utaeleza baadaye. Mara nyingi inachukua nusu dakika mambo kueleweka. Halafu kabidhi kwa maneno machache: alipata nini, umefanya nini, saa ngapi. Ukishakabidhi, toka. Kubaki hapo kutoa maoni hakusaidii mtu.

Baadaye

Acha jina na namba ya simu kwa afisa mmoja, na uchukue namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio kituoni, kama umeumia ama kitu chako kimeharibika. Ukiwa umepigwa, itisha fomu ya P3 ujaziwe na daktari mapema, kabla alama zifutike. Damu ya mtu ikiingia kwa jicho, mdomo ama kidonda chako, osha na maji mengi halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo uanzishiwe dawa za PEP, zile za kuzuia HIV, mwisho ni masaa 72 na kila saa ina maana, utazimeza siku 28. Uliza pia kuhusu chanjo ya hepataitisi B kama hukumaliza dozi.

Usiku huo kabla ulale andika kila kitu kwa daftari, saa, mahali, nani alisema nini, ulimgusa nani na wapi. Kesi inaweza kuitwa baada ya mwaka mmoja ama mitatu na kichwa kitakuwa kimechanganya. Picha na video usirushe kwa magrupu, mgonjwa ni mgonjwa ata akiwa na uniform, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko. Lakini kama ulirekodi kitu ambacho polisi alifanya na hakikufaa, usikifute pia, kiweke, IPOA wanapokea malalamishi na ushahidi wako wa mtu aliyekuwa hapo kusaidia una uzito.

Na bosi wako mwambie asubuhi yake, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, kabla hajaskia kwa redio.